Sakafu ya Miaka Mingapi

Mshonaji alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa gereji, akibandua rangi sakafuni kwa kisu cha jikoni. Kazi yenyewe haikuhitaji nguvu. Ukipenyeza ncha ya kisu tu, rangi inanyanyuka kama utando wa maziwa, na chini yake zege linabaki jeusi, linateleza, linanuka oili.

Rangi hiyo aliipaka yeye mwenyewe miezi mitatu nyuma, baada ya baba yake kuanguka mara ya kwanza. Alinunua kopo la bei nafuu kuliko yote, akaazima rola, akashinda siku nzima ameinama. Ilipokauka ilipendeza, hata majirani wakaja kuchungulia. Baba alisimama mlangoni akasema, "Haya, sasa tumekuwa hospitali." Wiki ya tatu matairi yakaanza kuing'oa. Mwezi wa pili sakafu ikawa na mabaka kila mahali. Halafu wiki iliyopita baba akakanyaga kipande kilichobanduka, kikaondoka naye, akaenda chini na spana mkononi. Safari hii mkono wa kulia uliteguka vibaya. Rahisi ghali, walisema waliotutangulia, na mshonaji aliikumbuka methali hiyo kila asubuhi alipomvalisha baba yake shati mkono mmoja mmoja.

Mzee mwenyewe mtaa mzima ulimwita Spana. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na wateja wake wanne waliobaki walikuwa na magari yanayokaribia kumfikia umri. Kila siku saa moja asubuhi alifungua milango ya gereji, kazi iwepo isiwepo. Chumba cha kushonea kilipakana na gereji ukuta kwa ukuta. Mshonaji alishona kwa sikio moja kwenye cherehani na jingine ukutani, na ukimya ukizidi upande wa pili aliinua mguu kwenye pedali, akangoja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alirudi nyumbani mama yake alipofariki, akae na baba miezi michache mpaka mambo yatulie. Miezi hiyo michache sasa ilikuwa imefika miaka tisa, na mambo yalikuwa bado yanatulia.

Mdogo wake wa kiume, mtu wa ofisini, alikaa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Aliposikia habari za mkono alipiga simu saa hiyohiyo.

"Dada, mimi nimeshasema. Akianguka mara ya tatu, nakuja kumchukua moja kwa moja. Gereji tunaifunga kwa kufuli."

"Huko kwako ghorofa ya tatu atafanya nini?"

"Atapumzika."

Mtoto huyo hamjui baba yake, mshonaji aliwaza, ingawa wamefanana mpaka masikio. Mzee Spana kumtoa gereji moja kwa moja ni kumzika huku anaangalia. Kwa hiyo sakafu ilibidi itengenezwe, na safari hii itengenezwe na mtu anayejua.

Hayo ndiyo aliyoyasema kwa watu. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Asubuhi moja, akikoroga uji huku macho yanamwasha kwa usingizi, lilimjia wazo: labda baba angeanguka tena. Anguko dogo tu, lisiloumiza, la kutosha kumleta mdogo wake na kufuli lake. Alilifukuza wazo hilo anavyofukuza kuku jikoni, na lenyewe, kama kuku, likatoka kwa mlango huu likaingia kwa ule.

Fundi wa sakafu aliyeletwa aliitwa Kipimo, na mtu akikutana naye hahitaji kuuliza kwa nini. Alipofika hakusalimia mara mbili. Alipima urefu, akapima upana, akapima tena upana kwa sababu ukuta mmoja aliushuku, kisha akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha matone sakafuni, akachuchumaa kuyatazama.

Matone yalikaa juu ya zege, mviringo, yanang'aa. Hayakuzama.

"Mzee," Kipimo akasema bila kuinua kichwa, "sakafu hii ulikuwa unaipa nini?"

Baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha gari alichokitoa zamani kwenye gari fulani na kisirudi kwa mwenyewe. Mkono wake ulining'inia kwenye kitambaa. "Oili," akasema, kama mtu aliyeulizwa mtoto anakula nini. "Oili chafu. Ukishaitoa kwenye gari, jioni unamwaga kidogo, unatandaza na maranda ya mbao, unafagia. Asubuhi hakuna vumbi hata chembe."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Miaka thelathini na minane. Ndivyo tulivyofundishwa. Vumbi likiingia kwenye injini iliyo wazi umeiua."

Kipimo akafuta uso kwa kiwiko. "Basi sakafu hii imekunywa oili kuliko magari yote uliyowahi kuyatengeneza. Rangi ya binti yako haikuwa na kosa, Mzee. Ilipakwa juu ya mafuta."

Mshonaji alisimama palepale na ufagio, akahisi uchovu unampanda kuanzia visiginoni. Siku ile nzima ya kupaka, mgongo ule, na hakuna aliyemwambia. Alimtazama baba yake.

"Hukuniambia, Baba."

"Hukuniuliza. Ulisema unanipakia rangi, nami nikaona vyema nisikuharibie furaha."

Utamfanya nini mzee kama huyo? Umgombeze, atakuuliza chai iko wapi.

Kipimo alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akakizungushia gundi pande zote nne, akasema atarudi kesho. Kama kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, nailoni italoa kwa chini, na hapo hata dawa ya bei gani itavimba na kutoka. Kesho yake aliibandua mbele yao kwa heshima zote. Ilikuwa kavu.

"Hilo ndilo jema pekee la sakafu hii," akasema. "Sasa Mama, sikiliza. Kwanza tutaisaga na mashine, tuondoe ngozi yote ya juu iliyoshiba mafuta. Tutaisugua kwa sabuni kali, tutaziba nyufa. Hapo ndipo tunapaka, na za kupaka ni tatu. Rangi ya sakafu ya kawaida, miaka miwili. Epoksi ya kupaka mara mbili, inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, miaka mitano. Epoksi nene, mara tatu, ambayo ukiiangushia jeki inayoumia ni jeki, hiyo miaka kumi na mitano. Zote nanyunyizia mchanga mkali, kwa hiyo mzee hatateleza. Kazi ya kusaga ni ileile, na tofauti ya bei isikutishe, tutaelewana. Niambie tu unataka idumu miaka mingapi."

Alishika kalamu, akangoja kuandika.

Mshonaji aligeuka kutazama mlangoni. Baba alikuwa hapo nje, hatua sita, anapuliza chai. "Nitakujibu," akamwambia fundi.

Kuanzia hapo swali la Kipimo lilihamia ndani ya nyumba likawa mpangaji. Alimpigia mdogo wake.

"Chukua ya miaka miwili, Dada, inatosha. Baba mwenyewe ana..." Kisha ofisini kwake kukawa na mtu wa kuzungumza naye kwa haraka.

Alimuuliza jirani aliyekuja kupimwa gauni. "Ya kumi na mitano ya nini tena? Kwa mzee wa umri ule, si unajua..." jirani akaanza, akainua mikono apimwe kifua, akabadilisha habari kuwa ya vifungo. Alimuuliza hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mnene mwenye maneno mengi, asiyewahi kushindwa kumaliza sentensi katika maisha yake. Naye pia alifika palepale akashika breki. Kila mtu alijua mwisho wa sentensi ile, na kila mtu alimwachia mshonaji aimalize.

Akaimalizia usoni pa cherehani, na gauni la watu limelala chini ya sindano. Miaka miwili: baba themanini na moja. Miaka kumi na mitano: baba tisini na nne, yeye mwenyewe sitini na saba. Aliiona miaka hiyo imepangwa mbele yake, na kila mmoja umejaa uji wa saa kumi na mbili, vifungo vya shati, dawa ya presha, maji ya kuoga yasiwe ya moto sana yasiwe baridi, na sikio ukutani. Atakuwa bibi kizee anamlea babu kizee. Aliinuka akafungua dirisha. Alimpenda baba yake. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini upendo haulali kwa niaba yako.

Akachukua simu. "Fundi, weka ya miaka miwili."

"Sawa, Mama."

Hakumuuliza sababu, naye akashukuru. Alijiambia kwamba ni busara tu, kwamba mtu hanunui sufuria ya karamu kupikia watu wawili. Usiku huo alilala vibaya.

Mashine ya kusaga ilinguruma siku mbili. Vumbi lilitanda mpaka kwenye sahani, na mshonaji alifunika vitambaa vya wateja kwa mashuka. Baba aliketi nje kwenye kiti chake cha gari, mdomo umefunikwa kitambaa, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyasikia. Siku ya tatu waliosha kwa sabuni, wakasukuma maji meusi nje kwa mafagio, wakaosha tena. Siku ya tano sakafu ilipokauka ilikuwa nyeupe. Baba alisogea mlangoni akaitazama muda mrefu.

"Kumbe ndiyo rangi yake," akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Mshonaji alikuwa anakuja na sinia la chai aliposikia baba yake akiendelea, kwa ile sauti anayoitumia akizungumza na fundi mwenzake.

"Fundi, hiyo unayoifungua ni ipi? Nieleze kifundi, usinifiche."

Kipimo alikuwa na bisibisi kwenye mfuniko wa kopo. "Rangi ya kawaida ya sakafu, Mzee. Lakini kwa tulivyosaga, itashika."

"Itashika mpaka lini?"

"Miaka miwili."

"Hakuna zaidi ya hiyo?"

"Ipo ya mitano. Ipo ya kumi na mitano."

Baba akalitazama kopo. "Nani kachagua miwili?"

Kipimo akainua macho, akamwona mshonaji nyuma ya mzee, akayarudisha kwenye kopo. Baba hakugeuka.

"Kachagua vizuri," akasema. "Mimi siku zote nawaambia wateja wangu, gari la kuuza halifungwi tairi jipya." Akacheka. Kipimo naye akacheka kidogo, kwa adabu, huku anatafuta mahali pa kuweka bisibisi.

Mshonaji alitua sinia juu ya pipa. Vikombe viligongana.

"Nani kasema unauzwa, Baba?"

"Aa, upo? Sijasema nauzwa. Nasema umetumia akili."

"Sikutumia akili. Fundi, funga kopo hilo. Lete ya kumi na mitano."

"Ya nini!" Baba akageuka sasa. "Miaka kumi na mitano nitakuwa na tisini na minne. Hiyo sakafu nitaiona kwa macho gani? Fundi, paka miwili."

"Kumi na mitano."

"Miwili, nimesema. Gereji ya nani hii?"

"Ipo ya mitano," Kipimo akasema polepole, kama msuluhishi sokoni.

"Nyamaza!" wakamwambia wote wawili.

Mshonaji aliikaza kanga kiunoni, na maneno yakatoka kabla hajayapanga.

"Nilichagua miwili kwa sababu nimechoka. Ndiyo hivyo. Huyu aliponiuliza miaka mingapi, mimi sikuiona sakafu, niliuona uji. Niliona kila asubuhi mpaka nizeeke. Nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka nikaona miwili inatosha. Nisamehe."

Barabarani pikipiki ikapita. Baba alirudi kwenye kiti chake, akaketi taratibu, mkono mzima ukitangulia. Alichukua muda mrefu kuupanga ule mbovu juu ya paja.

"Najua umechoka, mama," akasema. Alimwita mama mara chache, siku za ugonjwa na siku za msiba. "Ukuta ule unadhani unasikia upande mmoja tu? Cherehani ikinyamaza, najua umeinua mguu unanisikiliza. Siku nyingine sina kazi yoyote humu. Nimekaa tu. Lakini nachukua nyundo nagonga chuma, ngo, ngo, ili ujue nipo salama, uendelee kushona."

Mshonaji alimtazama. Miaka tisa ya kugonga huko. Alikuwa akiusikia mlio huo na kusema moyoni, angalau mzee ana kazi leo.

"Sasa kwa kuwa wewe umesema ukweli," baba akaendelea, na safari hii hakumtazama mtu, aliitazama sakafu, "ngoja na mimi niseme wangu. Ile ya gari la kuuza ilikuwa mzaha. Miwili hainitoshi, mwanangu. Mtu wa umri wangu akisema anataka kumi na mitano, watu watamcheka, basi nikajichekesha mwenyewe kwanza. Lakini naitaka. Nikiamka nataka kujua gari la yule mwalimu mteja wangu linavuja wapi. Wiki tatu sasa sijapata jibu, na nalitaka jibu."

Alisema haya kwa aibu kabisa, kama kijana anayeomba posa. Mshonaji alijikuta analia, na hakujifuta.

"Na mimi nataka kulala," akasema. "Basi. Sina kingine."

"Haya. Ni haki yako." Baba akamgeukia Kipimo, ambaye muda wote huo alikuwa anasoma maandishi ya kopo lile, upande mmoja na kisha wa pili. "Hiyo ya kumi na mitano, ukishapaka, inakaa siku ngapi?"

"Kutembea, siku mbili. Gari kuingia, siku saba."

"Saba tu?"

"Saba, Mzee. Ndivyo kiwandani wanavyosema."

Baba akafikiri. Kisha akamnyooshea binti yake mkono wa kushoto. "Nipigie mdogo wako, unipe."

Akapiga, akampa. Mzee akakaa sawa kwenye kiti chake cha gari, akasafisha koo.

"Mwanangu. Hatujambo. Mkono upo, haujaenda popote. Sikiliza, dada yako anatengeneza sakafu ya gereji. Hapana, si ya miwili, ya kumi na mitano. Ndiyo, kumi na mitano, una la kusema? Vizuri. Sasa fundi kasema dawa yake kali, hakuna kukanyaga mwezi mzima. Mwezi, ndiyo. Kwa hiyo njoo unichukue nikae kwako. Sijaanguka, nani kasema nimeanguka? Nakuja kutembea, kisha narudi gereji kwangu. Jumamosi? Jumamosi ni sawa." Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kana kwamba kijana anamwona. "Jambo jingine. Kila mwaka lazima ipumzishwe mwezi kama huo. Kila mwaka, ndiyo. Ndivyo zilivyo hizi zinazodumu."

Akarudisha simu. Kipimo akawa na jambo la haraka kwenye gari lake, akaenda kulirudisha kopo la miwili na kuleta makopo mengine mawili makubwa.

Mwezi mzima. Mshonaji alijaribu kufikiri atakwenda wapi, atamtembelea nani, atashona nini cha kwake mwenyewe. Hakuona chochote ila kitanda chake na mlango uliofungwa. Akaona aibu. Kisha aibu ikapita, akaketi chini pembeni mwa kiti cha baba yake, akamwambia fundi achanganye.